Umekwepa, Sasa Umesimama Wapi?

Ulingo wa ngumi za ridhaa una mita 6.10 kila upande, ukipima ndani ya kamba. Ukisimama katikati, nyuma yako kuna mita 3 na kidogo. Toa nafasi inayochukuliwa na mguu wako wa nyuma, halafu hesabu hatua za sentimita 30: baada ya hatua nane au tisa mguu unagusa kamba. Bondia anayerudi nyuma moja kwa moja huzimaliza hatua hizo kwa sekunde chache, na akifika kwenye kamba anashangaa amefikaje.

Naanza na hesabu hii kwa sababu jimu zetu nyingi hapa Dar es Salaam hazina ulingo. Watu wanafanyia mazoezi kwenye sakafu ya saruji, uani, au kwenye ukumbi unaotumika pia kwa sherehe. Kijana anazoea kurudi nyuma hadi ukutani na hakuna anayemwambia kitu. Chukua futi kamba na chaki, chora mraba wa mita 6.10 kwa 6.10, na kila sparingi (pambano la mazoezi) ifanyike humo. Mguu ukikanyaga mstari, simamisha, mrudishe mahali alipoanza kukosea. Ukikosa nafasi chora mita 5, maana ulingo mdogo unafundisha haraka zaidi. Chaki ni shilingi chache tu, na kwa kufundisha kujilinda naiweka mbele ya begi jipya la kupiga ngumi.

Kinachowapoteza wengi ni kudhani kwamba ngumi ikishapita kazi imekwisha. Kukwepa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mahali ulipobaki umesimama: je, miguu iko chini yako, unaweza kupiga ukiwa hapo, na yeye anaweza kukufikia kwa ngumi ya pili? Ukikwepa vizuri halafu ukabaki umepinda, uzito wote uko kwenye kisigino na mikono iko kiunoni, umemkopa mpinzani tu, na atakudai kwa ngumi inayofuata.

Kanuni za mchezo zenyewe zinalisisitiza hilo. Kwenye ridhaa, kujifunika kwa mikono miwili bila kufanya chochote ni kosa. Kujiangusha kwa makusudi ili ngumi ikupite ni kosa. Kukimbia au kumgeuzia mgongo ni kosa. Kuinamisha kichwa chini ya mkanda wa mpinzani ni kosa, na vilevile kunyoosha mkono wa mbele ukauacha hapo usoni kwake kama fimbo ya kumzibia macho. Kushika, kuegemea na kusukuma navyo havitakiwi. Mwamuzi huanza kwa kukukumbusha, akichoka anatoa onyo rasmi, na kila onyo linakukata pointi 1. La tatu linakutoa ulingoni. Pambano lenyewe ni raundi 3 za dakika 3, na mapumziko ya dakika 1 katikati. Pointi 1 iliyokatwa hapo ni vigumu sana kuirudisha.

Halafu kuna suala la majaji. Kwenye Olimpiki, kuanzia Barcelona 1992, majaji watano walikuwa wakibonyeza vitufe, na ngumi ilihesabiwa pale watatu walipobonyeza ndani ya sekunde 1. Mfumo huo ulizaa mabondia wa kugusa na kukimbia: jabu moja (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele), hatua tatu nyuma, jabu moja, kona nyingine. Tangu 2013 majaji wanatoa pointi 10 kwa aliyeshinda raundi, na 9 au pungufu kwa aliyeshindwa, wakiangalia idadi na ubora wa makonde safi, nani anaongoza pambano kwa ufundi na mbinu, na nani ana ari ya kushindana. Bado wapo walimu wanaofundisha gusa-ukimbie ya zamani. Kijana wao hapigwi sana, na anashindwa kwa pointi, kisha kona nzima, mwalimu na wasaidizi wake, inalalamika kwamba wamedhulumiwa. Wakati mwingine wamedhulumiwa kweli. Mara nyingi jaji ameona mtu mmoja anakwenda mbele na mwingine anarudi nyuma kwa dakika 9, akaandika alichokiona.

Sasa tuje miguuni. Haya nayaandika kwa bondia wa mkono wa kulia, yaani mguu wa kushoto mbele, mashoto ageuze.

Miguu iachane kwa upana wa mabega au zaidi kidogo. Kidole gumba cha mguu wa mbele na kisigino cha mguu wa nyuma visikae kwenye mstari mmoja. Chora mstari sakafuni: mguu wa mbele ukae upande wa kushoto wa mstari, wa nyuma upande wa kulia, na katikati ibaki nafasi ya kupitisha ngumi mbili. Miguu ikikaa kwenye mstari mmoja kama ya mtu anayetembea juu ya ukuta, ngumi nyepesi ya pembeni inamyumbisha bondia. Kisigino cha nyuma kiinuke sentimita 3 hivi. Magoti yalegee. Kumjaribu ni rahisi: weka vidole viwili kifuani mwake, sukuma taratibu, kisha begani kutoka pembeni. Akihamisha mguu ili asianguke, msimamo wake haujakaa sawa. Usimfundishe kukwepa kabla hajaupita mtihani huo, kwa sababu kila atakachojifunza juu ya msimamo huo utakuja kukibomoa.

Kanuni ya hatua ni moja. Mguu ulio upande unakokwenda ndio unaotangulia, na wa pili unafuata kwa urefu uleule. Mbele, wa mbele kwanza. Nyuma, wa nyuma kwanza. Kushoto, wa kushoto. Kulia, wa kulia. Miguu isipishane na isigusane kamwe. Hatua iwe sentimita 15 hadi 30, ukiteleza karibu na sakafu, bila kuruka. Kosa la kawaida liko kwenye mguu wa pili: wa kwanza unakwenda sentimita 30, wa pili unafuata kwa 15 tu, na baada ya hatua nne bondia amepanuka hawezi kutoka. Au kinyume chake, wa pili unazidisha, visigino vinakutana, na hapo ndipo jabu ya kawaida inamkalisha mtu chini na ukumbi unadhani kapigwa sana. Ukiona bondia anaangushwa na ngumi isiyo na uzito, itazame miguu yake ilivyokuwa kabla ya ngumi.

Kurudi nyuma moja kwa moja, mwisho hatua mbili. Ya tatu iende pembeni. Sababu ni kwamba anayekwenda mbele ana kasi kuliko anayerudi nyuma, na kila hatua yako ya nyuma inampa nafasi ya kuingia na ngumi nyingine. Ukienda pembeni analazimika kusimama, kugeuza miguu na kuanza upya. Muda huo mdogo wa kugeuka ndio wako wa kupiga.

Pembeni upi? Ukipigana na mwenye mkono wa kulia, ngumi yake nzito inatoka upande wako wa kushoto. Kwenda kulia kunakuweka mbali nayo, lakini kunakupeleka kwenye ngumi yake ya pembeni ya mkono wa kushoto, kwa hiyo glovu yako ya kulia ibane shavu muda wote. Ukipigana na mashoto mambo yanageuka: nenda kushoto, na mguu wako wa mbele ukae nje ya mguu wake wa mbele. Mabondia wetu wengi hawapati mashoto wa kufanya naye sparingi, wanakutana naye siku ya pambano, na miguu ya mbele inakanyagana raundi nzima. Mwalimu, kama jimu yako haina mashoto hata mmoja, mwombe mwenzako wa jimu ya jirani akuletee wake kwa wiki moja. Magomeni na Mabibo si mbali kiasi hicho.

Kukwepa kwa kichwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Jabu inakuja usoni. Kichwa kinahitaji kuhama kwa upana wa glovu tu, na hicho kichwa hakihamishwi na shingo. Bega la kushoto linageukia ndani, nyonga inageuka nalo, goti la kulia linapokea uzito, na kichwa kinajikuta kimetoka kulia, nje ya mkono wake. Pua isipite goti. Mkono wa kulia unabaki shavuni. Kutoka hapo mguu wa kulia umejaa uzito kama springi iliyobanwa, na mkono wa kulia uko tayari kwenda tumboni au usoni. Ukikwepa kwenda kushoto, umeingia ndani ya mikono yake, na mkono wake wa kulia unakusubiri. Si kosa kwenda huko, ila uende ukijua, glovu ya kushoto ikiwa juu na wewe ukipiga mara moja.

Kubonyea, kwa ajili ya ngumi ya pembeni, ni kazi ya magoti. Kichwa kichore herufi U: unashuka, unapita chini, unapanda upande wa pili. Anayeinama kwa kiuno anatazama viatu vya mpinzani, haioni apakati inayotoka chini, na akizidi hapo kichwa kimeshashuka chini ya mkanda, mwamuzi anasimamisha. Tena kichwa kinachotangulia mbele ndicho kinachopasua nyusi. Tangu 2013 wanaume wa daraja la juu wanapigana bila kofia ya kinga kwenye mashindano makubwa, na vichwa vikigongana ngozi haina cha kuizuia. Macho yabaki kifuani kwa mpinzani, pale mifupa ya mabega inapokutana chini ya koo. Kifua hakidanganyi kama macho na mikono.

Kuna zoezi moja ningependa kila jimu iwe nalo. Funga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, mita 4 hivi, iwe usawa wa mabega ya bondia. Ipake chaki ya rangi. Bondia aende mbele akipita chini ya kamba kushoto na kulia, hatua moja kila upande, kisha arudi kinyumenyume vivyo hivyo. Baada ya raundi ya dakika 2 mtazame. Chaki ikiwa juu ya nywele, hakushuka vya kutosha. Ikiwa kisogoni na mgongoni, ameinama kwa kiuno na kichwa kimetangulia. Ikiwa kwenye glovu, mikono imepanda ikaacha mashavu wazi. Asipokuwa na chaki popote lakini anahema kama aliyekimbia kutoka Ubungo, anashuka kupita kiasi. Mwambie apite chini ya kamba kwa sentimita 5 tu. Wiki mbili za raundi 3 kila siku zinaonyesha tofauti, na hakuna anayeweza kubishana na alama iliyoko kwenye shati lake mwenyewe.

Mikono ina nafasi yake. Jabu unaipokea kwa kiganja cha mkono wa nyuma, sentimita 10 mbele ya kidevu, kama unayedaka embe. Usiifuate. Anayenyoosha mkono kwenda kuipokea mbali anafungua shavu, na mpinzani mwerevu atatupa jabu ya uongo makusudi apitishe nyingine pembeni. Ngumi ya tumboni izuiwe kwa kiwiko, na kiwiko kinashushwa kwa kukunja goti na kupindisha mbavu kidogo. Ukishusha mkono wenyewe, uso umebaki peke yake.

Hapa kuna mtego ambao haumwachi mtu. Mazoezini tunavaa glovu za aunsi 14 au 16. Siku ya pambano ni aunsi 10 kwa uzito mdogo na 12 kwa wanaume wa uzito mkubwa. Gadi, yaani mikono iliyoinuliwa kujilinda, iliyokuwa ikifunika uso mzima sasa ina mwanya katikati na pembeni, na ngumi ambazo glovu kubwa ilikuwa inazimeza zinapita. Ndiyo maana bondia anayejilinda kwa kujifunika tu anaonekana mgumu jimu na mwepesi ulingoni. Wiki ya mwisho kabla ya mashindano, fanya ngumi za kivuli na pedi ukiwa na glovu za pambano ili mikono ijue ukubwa wake. Sparingi ya nguvu kwa glovu hizo, hapana.

Kuegemea nyuma kuliacha konde lipite kunapendeza machoni, na vijana wanaiga mtindo huo kutoka kwenye video za simu. Kwa bondia wa ridhaa ni hatari. Kidevu kinainuka, uzito unakwenda kisigino cha nyuma, na kama mpinzani ana mikono mirefu au anapiga mbili kwa mfululizo, ya pili inakukuta huna pa kwenda. Ukiegemea, iwe kwa upana wa kiganja, kidevu kikiwa kimebanwa, na urudi na jabu palepale.

Kwenye kamba, tazama kinachotokea kwa karibu. Mguu wa nyuma unahisi kamba ya chini. Papo hapo bondia asiyefundishwa anafanya mambo matatu pamoja: anasimama wima, anabana viwiko, anafumba macho. Sasa miguu imenyooka, haiwezi kumtoa. Aliyefundishwa anashusha magoti kidogo akihisi kamba, anatupa ngumi moja, hata nyepesi, ya kumfanya mwenzake asite, kisha anazunguka kwa mguu wa mbele: sehemu ya mbele ya wayo wa kushoto inabaki mahali pake kama msumari, mguu wa kulia unapita nyuma kuelekea kushoto, kifua kinageukia kulia. Nyuzi 45 zinatosha, 90 ni bora. Aliyekuwa amebanwa anaitazama mbavu ya mwenzake, na mwenzake anaitazama kamba. Usiishike wala usiitumie kama bembea ya kujirusha. Hilo ni kosa. Kwenye kona, onyesha bega kwenda upande mmoja, toka upande mwingine, na utoke mapema. Ukishapigwa ngumi tatu umechelewa kuchagua.

Mwamuzi akisema breki, yaani achaneni, unarudi hatua moja kamili kabla ya kupiga tena, na mikono ibaki juu. Wapo wanaoshusha mikono kwa adabu wakidhani mpinzani naye ana adabu. Akikosea yeye atapewa onyo, lakini kichwa kilichopigwa ni chako.

Kuzunguka kwa mguu kunanirudisha kwenye sakafu. Saruji inateleza, hasa Februari na Machi joto linapopanda na jasho linadondoka chini. Bondia anazoea wayo unaozunguka wenyewe. Halafu anapanda ulingo halisi, Uwanja wa Ndani wa Taifa au kwingineko, ambako juu ya mbao kuna filti ya unene kati ya sentimita 1.3 na 1.9 na turubai lililokazwa. Wayo unashika, mwili unazunguka, goti linabaki. Wengine wameumia hivyo bila kuguswa na mtu. Fika mapema, omba dakika 5 upande ulingoni, zunguka taratibu, sikiliza turubai lilivyo. Viatu navyo: raba nene za kukimbilia zinakunja kifundo cha mguu. Tafuta soli nyembamba na bapa. Kama viatu vya ngumi havipatikani, raba bapa za turubai zitakufaa kwa mwaka wa kwanza. Mchanga wa Coco Beach ni mzuri kwa mapaja na pumzi asubuhi, ila mazoezi ya kuzunguka kwa mguu usiyafanyie mchangani. Mguu unazama na goti linajifunza vibaya.

Pedi zikikosekana, ndala zinatosha. Mwalimu avae ndala mikononi, apige jabu polepole kuelekea paji la uso la mwanafunzi, kisha aache ndala ya pili wazi mahali fulani. Mwanafunzi akwepe na agonge ile ndala iliyo wazi kabla haijafungwa. Akikwepa bila kugonga, haihesabiwi. Akigonga huku miguu imepishana, haihesabiwi pia. Raundi 3 za dakika 2, kasi ikiongezwa kidogo kidogo. Ndala ikigusa paji haiumi, lakini inatoa sauti ambayo kijana hapendi kuisikia mbele ya wenzake.

Sparingi ya kujilinda iwe na mipaka. Raundi moja mmoja anapiga jabu tu, mwenzake anajilinda na kujibu kwa moja. Raundi ya pili mnabadilishana. Ya tatu wote mnapiga, kwa nusu ya nguvu. Sparingi ya nguvu zote mara moja kwa wiki inatosha kabisa, na jimu zinazofanya kila siku zinawaua vijana taratibu. Ubongo hauna misuli ya kukomazwa. Kanuni za ridhaa zinataka bondia aliyeshindwa kwa kuangushwa au kusimamishwa kwa makonde ya kichwa apumzike siku 30 angalau, bila pambano wala sparingi. Siku hizo 30 zihesabiwe hata kama alipigwa jimu na hakuna daktari aliyeandika. Kijana akisema kichwa kinamgonga, akitapika, au akisahau raundi ilivyokwenda, siku hiyo ni hospitali, na mzazi aambiwe ukweli wote.

Baadhi ya medali za ngumi tulizopata kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kama fedha ya Titus Simba kule Edinburgh 1970, dhahabu ya Michael Yombayomba kule Kuala Lumpur 1998, shaba ya Yusuf Changalawe kule Birmingham 2022, zimetoka kwenye mashindano ambayo bondia anapanda ulingoni mara kadhaa ndani ya siku chache. Aliyeshinda pambano la kwanza kwa kupokea ngumi nyingi analeta uso uliovimba kwenye la pili, na kwenye la tatu mikono haipandi. Kwa hiyo ukitoka ulingoni umeshinda, kabla ya kupokea pongezi mwulize mwalimu wako swali moja: ni mara ngapi nimekwepa nikabaki mahali ambapo singeweza kupiga? Aliyekaa kona akiwa na kalamu atakuwa na namba. Mlete huyo mtu wa kalamu kila pambano, awe rafiki, awe dada yako, mradi anajua kutazama miguu.